Mawe ya Engaruka na Vibanja Vyetu

Sisi wa Nyanga, pamoja na ndugu zetu wa Bukoba Vijijini na Muleba, ni watu wa mvua. Bukoba hupata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na Ziwa Viktoria liko mlangoni petu. Mtoto wa kwetu hukua akidhani kwamba kila nchi ni ya kijani. Ndiyo maana tukisoma Kumbukumbu la Torati 11, pale Musa anapotofautisha nchi inayomwagiliwa kwa jasho la mkulima na nchi inayokunywa mvua ya mbinguni, tunajihesabu upesi kuwa wa nchi ya pili, kisha tunaendelea na sura nyingine.

Miaka michache iliyopita tuliamua kwenda kuiona nchi ya kwanza kwa macho yetu. Wengi hutamani kufika Petra, mji wa Wanabatea uliochongwa katika miamba ya jangwa la Yordani, ambao wenyeji wake walikinga mvua yao chache kwa mifereji na mabirika. Nauli ya Yordani hatukuwa nayo. Lakini Tanzania nayo ina mji wake wa kale wa mawe katika nchi kame: Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Basi tukaenda, wachungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya na vijana. Tulikaa siku mbili barabarani kupitia Biharamulo, Kahama, Singida na Babati, tukakunja Makuyuni kwenda Mto wa Mbu, na kutoka hapo tukala vumbi hadi kope zikawa nyeupe.

Tuliingia magofuni alfajiri, kabla jua halijawa kali. Kijana wa Kimaasai alituongoza kati ya miiba. Kwenye mteremko tuliona matuta ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambapo palikuwa na nyumba za vijiji saba. Chini yake, kwenye tambarare, mashamba yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe yanaenea kwa takribani kilomita za mraba 20. Katikati yake inapita mifereji. Watu waliishi hapa tangu karne ya 15 hadi ya 18 hivi, wakilima mtama na kufuga ng'ombe ambao samadi yao ilirutubisha mashamba. Kila mfereji ulipimwa kwa macho na miguu, ili maji yashuke taratibu yasibomoe, na yafike shamba la mwisho. Tuliufuata mmoja kwa mwendo mrefu, na vijana wetu, waliokuwa wakipiga kelele tangu Babati, wakanyamaza.

Upande wa kaskazini ulionekana Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Vijana walitamani kuupanda. Tukawaruhusu kuutazama tu. Badala yake tulipanda korongo linalopitisha mto Engaruka, tukiruka jiwe hadi jiwe, mpaka pale maji yanapochomoza ukutani yakiwa baridi. Watoto wa boma la jirani walitujia wakiinamisha vichwa ili tuwaguse, maana ndivyo Wamaasai wanavyofundisha watoto kuwasalimu wakubwa. Mama zetu walifurahi sana. "Kwetu wangepiga magoti," alisema mmoja, "lakini heshima ni ileile." Jumapili tuliabudu na washarika wenzetu chini ya mgunga. Wao waliimba kwa Kimaasai, sisi kwa Kihaya, na Baba Yetu tukasema kwa Kiswahili.

Swali lililotufanya tuandike makala hii liliulizwa siku ile ya magofu. Mama mmoja, mzee wa kanisa, alikuwa ameketi juu ya ukingo wa mfereji mkavu. Kibanja chake, chenye makaburi ya wakwe zake na ya mumewe, kilikuwa kimeliwa na mnyauko wa migomba. Alifanya yote aliyoagizwa na mabwana shamba. Alikata maua dume kwa kijiti chenye panda, akapitisha panga motoni kila alipotoka shina moja kwenda jingine, akang'oa na kufukia. Bado migomba ilikauka, mpaka makaburi yakawa yanaonekana kutoka barabarani. Akatugeukia sisi wachungaji: "Watu hawa hawakuwa wavivu. Mbona Mungu aliiacha kazi yao ikauke?"

Tulikaa kimya. Tungeweza kusema kwamba wataalamu wanataja kupungua kwa maji na kuchoka kwa ardhi, lakini mama hakuuliza habari za wataalamu. Kitabu cha Ayubu chenyewe hakimpi Ayubu sababu. Aliyejibu alikuwa yule kijana wa Kimaasai. "Yeyo," alisema, yaani mama, "mji ulikufa, lakini mto haukufa." Akatuonyesha chini, palipokuwa na kijani. Watu wa Engaruka ya leo wanalima mahindi na maharage kwa maji ya mto uleule, katika mifereji waliyoichimba wao. Mama aliinuka, akashuka hadi mtoni, akanawa uso, akakaa hapo muda mrefu.

Tumelitafakari jambo hilo tangu siku ile. Wajenzi wa Engaruka hawakuumba hata tone moja la maji. Walipanga mawe tu ili kilichotoka juu kimfikie kila mmoja. Sisi Walutheri tunafundishwa tangu Kipaimara kwamba neema haipatikani kwa kazi zetu, na ndivyo ilivyo. Lakini neema hupita mahali. Hupita katika Neno linalosomwa nyumbani, katika meza ya Bwana, katika jirani anayebisha hodi. Njia hizo zikiachwa zizibe, mto haukauki. Anayekauka ni mtu wa shamba la mwisho.

Kibanja nacho kinatufundisha hivyo hivyo. Mvua tunayojivunia ndiyo inayoosha rutuba ya udongo wetu. Ukitaka kujua, tazama nyasi za rweya zinavyoota kwa shida. Kibanja ni cheusi kwa sababu vizazi na vizazi vilibeba nyasi kutoka rweya na samadi kutoka zizini. Imani yetu ilifika kwa njia hiyo. Kabla wamisionari wa Betheli hawajaingia Bukoba mwaka 1910, tayari walikuwapo Wahaya wachache waliofundishwa Neno upande wa Uganda, wakisomeshana majumbani. Kutoka katika kanisa lililokua hapo alitoka Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Sisi tumekuta udongo mweusi, tukadhani ulizaliwa hivyo.

Katika Mwanzo 26 Isaka anavichimba tena visima vya baba yake vilivyofukiwa. Anagombaniwa mara mbili, na mara zote mbili anasogea na kuchimba kingine. Haandiki historia ya waliovifukia. Anatafuta maji.

Tuliporudi, washarika wa mtaa wa yule mama hawakungoja tangazo. Kwanza shamba lilipumzishwa kwa maharage na viazi vitamu. Muda ulipotimia, mmoja alileta machipukizi safi, wengine samadi, na vijana waliokwenda Engaruka wakabeba nyasi kutoka rweya kwa vichwa vyao. Migomba mipya bado ni michache, na hakuna aliyemwahidi mama kwamba mnyauko hautarudi. Makaburi yameanza kupata kivuli.

Mpendwa msharika, huenda shamba la mwisho katika mtaa wako unalijua: mgonjwa asiyefikiwa na Meza ya Bwana, kijana aliyekwenda mjini na hakuna anayempigia simu, mjane ambaye kibanja chake kimekauka. Maji yapo. Nenda ukazibue kipande cha mfereji kinachopita kwako, na Bwana akutie nguvu. Amina.