Safari ya Voi na Taa Isiyotulia

Mwenye kutoka Mombasa kwenda Voi husafiri kilomita zipatazo 150, na katika mwendo huo huiacha minazi nyuma yake, akaingia katika nyika ya miiba ya Taru, kisha akaiona milima ya Taita mbele yake. Njia hiyo nimeipita tangu utotoni. Lakini safari nitakayoieleza hapa ilinifundisha jambo ambalo zile za kwanza hazikunifundisha.

Tulisafiri kwa gari la marehemu baba yangu, gari kubwa la fahari lililotengenezwa Japani mwaka 1993, lenye viti vya ngozi na giaboksi ya otomatiki. Kwa muda wa miezi miwili taa ya giaboksi ilikuwa ikimetameta katika dashibodi, kisha ikizimika siku kadha wa kadha. Tulilipeleka kwenye gereji moja mjini. Fundi akachomoa waya wa betri, akaurudisha, na taa ikatulia. Akasema giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Bei yake ilinitisha. Nikakumbuka kwamba mpwa wangu, kijana anayejifunza ufundi, ndiye aliyebadilisha oili ya giaboksi karibuni. Nikamwambia mbele ya watu kwamba ameliharibu gari la babu yake kwa kutia oili isiyofaa. Kijana hakujibu neno, na tangu siku hiyo hakukanyaga nyumbani kwangu.

Basi siku moja tulipata habari ya msiba Voi. Tulisali Alfajiri, tukaondoka, mimi na mke wangu, kwenda kutoa taazia. Changamwe tulipita salama. Tukapanda Mazeras nyuma ya malori yaliyosheheni, jua likapanda pamoja nasi, na tulipokaribia Mariakani taa ikaanza kumetameta. Mke wangu akatoa kalamu, akaandika saa na mahali. Baadaye kidogo ikazimika. Tulipopita Taru ikawaka tena.

Tukasimama Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio karibu na reli, ambamo limo kaburi la Sayyid Baghali Shah. Huyo alikuwa msimamizi wa wafanyakazi wakati wa ujenzi wa reli, ambayo ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Wasafiri wengi husimama hapo, Waislamu na wasio Waislamu. Tulipokuwa kivulini mke wangu akaniambia, "Bwana, mbona taa hii haiwaki asubuhi? Hungoja mpaka gari lipate moto. Na mbona gia zinaingia vizuri hata inapowaka? Kitu kilichokufa hakifanyi kazi." Sikuwa na jibu. Tulipotaka kuondoka, gari lilikuwa limepoa na taa haikuwako.

Baada ya maziko, wenyeji wetu wa Voi walinipeleka kwa fundi mmoja mzee. Nikamsimulia habari, naye akaisoma karatasi ya mke wangu mara mbili. Kisha akaendesha gari mpaka likapata moto, akaliacha liungurume, akatoa kijiti cha kupimia oili. Akaitazama, akainusa. Oili ilikuwa nyekundu, haikunuka kuungua, na kipimo chake kilikuwa barabara. Akasema, "Aliyeitia oili hii, Mzee, anaijua kazi yake." Maneno hayo yalinichoma.

Akafungua kisanduku kidogo ndani ya boneti, akaunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, akafungua swichi bila ya kuwasha injini. Taa ikamweka mara sita, ikapumzika, ikamweka mara moja. "Sitini na moja," akasema. "Hii ni sensa ya pili ya mwendo, iliyo nyuma ya giaboksi. Gari hili lina sensa nyingine ya mwendo. Hii ikinyamaza, kompyuta huisikiliza ile. Ndiyo maana gia zako hazikuharibika. Yule aliyechomoa betri alifuta ushahidi kabla ya kuusoma."

Akaingia chini ya gari. Kishikizo cha waya wa sensa kilikuwa kimevunjika kwa uzee, na waya umelalia karibu na bomba la moshi. Ganda lake limeungua, hata shaba inaonekana. Alipoutikisa, kipimo chake cha umeme kikarukaruka. Akakata palipoungua, akaunga, akafunika, akaufunga mbali na joto. Nikataka kumshukuru, akanizuia. "Ngoja kwanza. Taa inayokuja na kuondoka haihesabiwi kuwa imepona mpaka ipite katika joto lile lile. Panda mpaka Wundanyi." Basi tukapanda, kona baada ya kona, gari likapata moto kupita siku zote, na taa haikuwaka. Tukarudi Mombasa, haikuwaka.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwa dada yangu. Kwa kuwa nilimtuhumu kijana mbele ya watu, niliwaomba watu wale wale wahudhurie, nikakiri kosa langu na kumwomba msamaha. Kijana aliinamisha kichwa, kisha akaniuliza, "Mjomba, na oili ilikuwaje?" Nikamjibu, "Nyekundu, mwanangu, kama ulivyoitia."

Enyi vijana mnaojifunza ufundi, taa ya namna hii ni shahidi anayesema mara moja moja. Andikeni saa anayosema, joto na mwinuko, pimeni oili, someni kumbukumbu ya kompyuta kabla ya kugusa betri, tazameni waya kabla ya kununua giaboksi. Nasi wazee, tuliofundishwa kuthibitisha habari kabla ya kuhukumu, tusilifanye hilo kuwa somo la watoto peke yao. Waya ule uliungwa kwa muda usiotimia saa moja. Lakini kijana nilimweka mbali na nyumba yangu wiki saba.