Kwa Mdogo Wangu, Kabla Hujaandika Mradi Wako

Kasapa, Lubumbashi
Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Mama anauliza kama bukari ya huko Kolwezi inakushibisha. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unasema umeamua kuja kufanya shahada ya udaktari hapa Kitivo cha Kilimo, na kwamba unataka kuagiza unga wa kuvu kutoka ng'ambo uujaribu kwenye mahindi. Uamuzi wa kwanza umenifurahisha kupita kiasi. Huo wa pili naomba tuuzungumze kwanza.

Mvua zimekolea, na kando ya barabara zinazotoka mjini akina mama wamepanga beseni za uyoga. Ule mkubwa wa kichuguu ni mali ya mchwa: wao ndio wanaoulima humo ndani, mti hauhusiki. Lakini chitondo, ule wa rangi ya chungwa, hauoti pasipo na mti ulio hai. Chini ya ardhi nyuzi zake zimeivika mizizi ya muputu na mutondo kama soksi. Zinafuata maji na fosforasi mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, na mti unazilisha sukari uliyoitengeneza kwa jua. Ushirika huo ulipewa jina la mikoriza mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank.

Hapa ndipo pananishika mimi. Muputu na mutondo ni miti ya jamii ya kunde, na mtu angetazamia kukuta vinundu vya naitrojeni kwenye mizizi yake kama kwenye soya. Ichimbue, huvioni. Miti inayotawala msitu wetu wa miombo, kwenye udongo huu mwekundu uliochoka na wenye fosforasi haba, imeegemea kuvu. Mchoma makala akikata na kuacha kisiki, kisiki huchipua, kwa sababu mizizi iko hai na kuvu bado wana wa kuwalisha. Visiki viking'olewa ili palimwe miaka na miaka, au mgodi ukiparua udongo wote wa juu, kuvu wale hufa njaa. Kisha watu huja na miche iliyokuzwa kitaluni kwenye mchanga wa mtoni, wanaipanda, wanapiga picha, na msimu wa pili wanashangaa imedumaa. Kisiwani Puerto Rico misonobari ilikataa kukua hadi miaka ya 1950, ilipoletewa udongo wa msitu wa misonobari kutoka Marekani bara, wenye kuvu wake. Jambo hilo linajulikana siku nyingi, na bado huku kwetu tunapanda mti kana kwamba mzizi unaishi peke yake. Linaniuma, nakwambia kweli.

Mahindi ni habari nyingine, usichanganye. Kuvu wa mahindi hawatoi uyoga hata mmoja. Wanaingia ndani ya seli za mzizi na kujigawa humo matawi madogo madogo. Ni undugu wa zamani mno: kule Rhynie, Uskoti, umekutwa ndani ya mimea iliyogeuka jiwe miaka milioni 400 iliyopita. Tena mmea una hesabu zake. Ukiumwagia mbolea nyingi ya fosforasi, unapunguza kuwalisha kuvu, na jaribio lako litaonyesha kwamba unga haufai kitu, kumbe mbolea ndiyo iliyouzima.

Sasa fikiria mji wetu. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na upepo ukausukuma moshi wake upande wa kaskazini-magharibi. Pale Penga Penga ardhi ilibaki uchi. Watafiti wa chuo chetu wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji walipanda pale nyasi za asili za Katanga, mojawapo Microchloa altera, inayovumilia shaba, wakaongeza chokaa na mboji. Swali ningependa uliulize wewe: ni kuvu na bakteria gani wanaoishi na mizizi inayostahimili udongo wa namna ile, na je, wakihamishiwa kwenye kunde au karanga za mama anayelima jirani na kiwanda, wanamsaidia? Kuvu aliyekuzwa kiwandani ng'ambo hajawahi kuionja shaba hiyo. Huyu wa hapa amezaliwa ndani yake.

Usiogope umaskini wa maabara. Mizizi ichemshe kwenye potasi mpaka iwe nyeupe, kisha itie rangi kwa wino wa kalamu na siki. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1998 na inatumika hadi leo. Chini ya hadubini utaona nyuzi za buluu zikipita kati ya seli, na siku hiyo utanielewa. Kwa jamii ya kunde, pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hakikupi kitu. Wakulima wa Kivu Kusini waliofikiwa na mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009, walipakaza rizobia, bakteria wa vinundu hivyo, kwenye mbegu za soya kabla ya kupanda. Sisi huku hatuna sababu ya kubaki nyuma.

Jambo moja lisikuponyoke: usilinganishe udongo wenye kuvu na udongo mtupu tu. Weka na chungu ambacho udongo wake umeupika kwa mvuke, ukaurudishia kijiko cha udongo hai wa palepale. Hapo ndipo utajua kama unga wa ng'ambo unawashinda kuvu wenyeji au la.

Soma pia kitabu cha uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga, cha De Kesel, Kasongo na Degreef, cha mwaka 2017. Cha kwangu nakuwekea.

Njoo kabla mvua hazijakatika. Niletee udongo wa chini ya mutondo, wa kina cha kiganja, pamoja na vimizizi vyake vyembamba, ndani ya mfuko wa karatasi, usiuanike juani. Jumatano mchana hadubini haina mtu, tutaanza na huo.

Ni mimi yaya wako