Boksi Linalopumua

Mwezi uliopita tulisoma arobaini ya aliyenifundisha kazi. Nilikwenda na ugomvi wetu kichwani, wa miaka zaidi ya ishirini, nikidhani sasa nimebaki nao peke yangu.

Nimezaliwa Tanga, baba kibarua wa reli. Darasa la tano nilifungua redio ya nyumbani, nikashindwa kuifunga, nikala bakora. La saba sikuchaguliwa. Mwaka 1981 mjomba akanileta Kariakoo, akaniacha mlangoni kwa Fundi. Miaka sita nilisuka koili za spika tu. Waya ni mwembamba kama unywele; tabaka likipanda kidogo, koili inakwaruza sumaku na mteja anarudi Jumatatu akiwa na maneno. Vijana wa leo wanaagiza spika nzima kwa simu. Waulize ile ya mwanzo iliungua kwa nini: "Mchina." Basi, kazi imekwisha.

Ugomvi wetu ulikuwa wa tundu. Fundi hakutengeneza boksi la bezi bila kulitoboa na kulitia bomba. "Boksi lisilopumua ni jeneza," alisema, "na mimi si mchimba kaburi."

Mimi nilishaanza kusoma. Mteja mmoja aliniachia kitabu, nikajua kuwa hilo tundu Albert Thuras wa Bell Laboratories alilipatia hataza Marekani mwaka 1932, na kwamba mwaka 1954 Edgar Villchur alileta AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa, ambamo hewa ya ndani ndiyo springi inayorudisha karatasi ya spika mahali pake. Nilipenda lililozibwa, na bado nalipenda. Bezi yake inapungua taratibu, desibeli 12 kwa kila oktavu. La tundu linashikilia mpaka karibu na mlio wa bomba lake, halafu linaporomoka desibeli 24, na huko chini karatasi haina cha kuishika: inaruka hovyo mpaka koili igonge chuma. Nimezika spika nyingi za namna hiyo, nyingi zikiwa kazi ya Fundi mwenyewe. Hilo hakulikubali hata siku moja.

Mwaka 1998 daktari mmoja wa Upanga alituletea spika zake za sakafuni, ndefu hadi kifuani, za bei ya gari. Kila moja ilikuwa na sabufa yake tumboni. (Nasema sabufa kwa maana yake ya asili, siku hizi mjini sabufa ni seti nzima ya redio.) Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, amplifaya za ndani zikafa zote mbili. Aliyemuuzia alitaka nusu ya bei ya spika na miezi mitano ya kusubiri.

Hapa nisikilizeni, mnaoanza. Aliyesanifu sabufa ya ndani ana akili: analijua boksi, anaijua spika, anaipa bezi nguvu kwa kipimo. Lakini amplifaya haitakiwi kuishi tumboni mwa spika. Inatikiswa, inapikwa na joto lake, na ikifa inakwenda na boksi ambalo lingeishi miaka arobaini. Tulizitoa, tukaweka amplifaya nzito nje, kabatini. Juu ya hilo hatukugombana.

Tuligombana juu ya ubavu. Kila boksi lilikuwa na spika bubu, karatasi isiyo na koili wala sumaku, inayofanya kazi ya tundu. Mimi nikataka ing'olewe, pazibwe kwa plaiwudi, bezi iinuliwe kwa saketi. Fundi akaniita mwanafunzi wa makaratasi, mbele ya daktari. Daktari, mtu wa vipimo, akasema kila mtu achukue spika moja.

Karakana ilikuwa chumba chembamba cha zege, na siku ile tulishusha geti la chuma. Yangu ilishinda. Kila mguso wa besi la taarab ulianza na kukoma kwa wakati wake. Ya Fundi ilikokota.

Tukazipeleka Upanga. Sebule ya daktari ilikuwa na madirisha ya vioo vya kupanga, pande mbili, yote wazi kwa upepo wa bahari. Yangu ikawa kama mtu mwenye mafua. Nikaongeza saketi, lakini kila ukishuka oktavu moja, karatasi inatakiwa itembee umbali wa mara nne ili sauti ibaki ileile. Koili ikaanza kunuka.

"Fungeni madirisha," Fundi akasema. Tulipofunga, bezi yangu ikapanda, maana chumba kilichofungwa husaidia mlio wa chini, na hesabu za boksi langu zilitegemea msaada huo.

Daktari akapangusa jasho. "Nani anafunga madirisha Dar es Salaam?"

Niliitoa ile plaiwudi mwenyewe. Miezi miwili baadaye nikahama, nikafungua karakana yangu mtaa wa pili, na kwa miaka nikawaambia watu kwamba Fundi aliniharibia kazi.

Siku ya arobaini niliketi sebuleni kwake, karibu na spika zake za zamani, mninga mtupu. Nyumba imebadilika: madirisha ya alumini, kiyoyozi. Nilipenyeza mkono nyuma, kwenye bomba, kwa mazoea. Lilikuwa limezibwa kwa kipande cha kanga, kimekunjwa vizuri, kimebana. La pili vilevile.

Nikamuuliza mjane wake nani aliyeziba.

"Mwenyewe, mwanangu. Alisema mende."

Nikakirudisha kitambaa ndani, nikakisukuma mpaka kikabana kama nilivyokikuta.