Barua kutoka Glasgow: Sikio Lako Litazoea

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umepata nafasi ya kusomea uuguzi huku, na kwamba kinachokunyima usingizi si baridi, ni lafudhi. Umesikiliza video za watu wa Glasgow ukahisi kwamba hiki si Kiingereza ulichofundishwa. Ni chenyewe. Ila "house" hapa husikika "huus", "down" huwa "duun", na ile t ya "water" hukatwa kooni. Ahueni ni kwamba r wanaitamka wazi, kama sisi.

Hata Waingereza wa kusini huhangaika na lafudhi hii. Mwaka 2009 Patti Adank na wenzake walichanganya sentensi na kelele, wakawasikilizisha watu wa kusini na wa Glasgow. Wa kusini walichelewa kuelewa Kiingereza cha Glasgow. Wa Glasgow walielewa lafudhi zote mbili sawasawa, maana ile ya kusini wanaisikia redioni na kwenye televisheni tangu utotoni. Hayo ni mazoea, mpwa wangu, wala si kipaji.

Namna sikio linavyozoea ndiyo inayonifurahisha zaidi. Kule Nijmegen, Uholanzi, Dennis Norris, James McQueen na Anne Cutler waliwasikilizisha Waholanzi sauti iliyo kati ya f na s, isiyojulikana ni ipi. Walioisikia ndani ya maneno yanayodai f wakaanza kuisikia kama f hata kwingineko. Walioisikia mahali pa s, wakaisikia s. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Maana yake, neno unalolijua ndilo linalolinyoosha sikio. Usiache kuongeza msamiati kwa sababu ya hofu ya matamshi.

Na hili nakusisitizia: ukitazama filamu za Uskoti, weka maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Wengi wetu huona kusoma huko ni uvivu, kumbe sivyo. Holger Mitterer na McQueen waliwaonyesha Waholanzi filamu ya Trainspotting. Waliosoma maandishi ya Kiingereza waliwaelewa Waskoti vizuri zaidi baadaye; waliosoma tafsiri ya Kiholanzi walirudi nyuma kwenye sentensi mpya. Jicho likisoma lugha nyingine, sikio linakosa neno la kujifunzia.

Wodini kuna mashine zinazolia na watu wanaoita, na kelele huzidisha ugumu. Mgonjwa akikutajia dawa anayotumia na hukusikia, mwombe arudie, hata mara ya tatu. Usikisie.

Kumbuka pia kwamba mgonjwa naye atakuwa anajifunza lafudhi yako. Huko Marekani, mwaka 2004, Constance Clarke na Merrill Garrett walionyesha kwamba msikilizaji huanza kuizoea lafudhi ya mgeni ndani ya dakika moja hivi. Kwa hiyo ukifika kitandani, zungumza naye kwanza habari za mvua na wajukuu, kisha ndipo umuulize maumivu yako wapi.

Nitakupokea uwanja wa ndege. Msalimie mama.

Mjomba wako