Mji wa Nuoro na Binti Yake Aliyeandika Vitabu

Kisiwa cha Sardinia ki katika bahari ya Mediterranean, magharibi ya bara la Italia. Msafiri ashukaye pwani ya mashariki, akashika njia ya kupanda bara, huiacha mizeituni nyuma yake, akaingia katika nchi ya mawe, mialoni na makundi ya kondoo. Huko juu ndiko uliko mji wa Nuoro, karibu na mlima Ortobene.

Mjini humo Grazia Deledda alizaliwa mwaka 1871. Wazazi wake hawakuwa maskini, lakini desturi ya siku zile haikuwapa wasichana elimu ndefu. Akatoka shuleni baada ya miaka michache tu, akajifunza mengi kwa kusoma vitabu peke yake. Mwaka 1888 hadithi zake zilianza kupigwa chapa katika gazeti la Roma. Badala ya kumpongeza, watu wengi wa Nuoro walikasirika. Waliona si adabu msichana kuandika habari za mapenzi, tena kuyatangaza mambo ya nyumbani kwao. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata sasa ilikuwa imeanza kusema.

Mwaka 1900 aliolewa na mtumishi wa Serikali, wakahamia Roma. Hata hivyo kalamu yake haikukihama kisiwa. Riwaya yake ijulikanayo sana, Canne al vento, maana yake Matete katika Upepo, ilitoka mwaka 1913. Mambo yake yatukia katika kijiji cha Galtellì, mashariki ya Nuoro, karibu na mto Cedrino.

Humo wamo mabibi watatu wa ukoo mkubwa uliofilisika: Ruth, Ester na Noemi. Kilichowabakia ni fahari ya jina, na shamba dogo alilimalo Efix, mtumishi wao. Miaka mingi Efix hapokei mshahara, wala hadai. Mtu angedhani ni uaminifu tu. Kumbe ana neno zito moyoni: zamani alimsaidia ndugu yao Lia kutoroka, na usiku ule baba yao akafa kwa mkono wake Efix, pasipo yeye kukusudia. Basi awatumikia binti za marehemu, huku siri ikimla. Kisha aja kijana wa Lia, akopa fedha kwa riba, na deni laiangukia nyumba nzima. Bibi Deledda hamhukumu mtu. Wanadamu ni matete, na majaliwa ni upepo.

Alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 1926, akawa mwanamke wa pili ulimwenguni kuipata. Alifariki Roma mwaka 1936. Na mwaka 1959 mabaki yake yalirudishwa Nuoro, yakalazwa katika kanisa dogo chini ya mlima Ortobene. Nyumba alimozaliwa imekuwa makumbusho, na huko Galtellì wageni huonyeshwa nyumba ya kale iitwayo ya mabibi wale wa hadithini.

Hivyo watu wa Nuoro waliomwonea haya binti yao wameacha wajukuu ambao leo huwafungulia wageni mlango wake. Wala Bibi Deledda hakuwasifu ili apendwe. Aliwaandika jinsi walivyokuwa, na kwa sababu hiyo wakumbukwa.