Gari Limetaja Mwaka

Zamani nyumbani kwetu Nairobi, mtu akitaka kujua gari lililo kwenye picha kuukuu, alikwenda kwa mjomba. Alikuwa fundi wa miaka mingi katika magereji ya Grogan Road, ambayo leo ni Kirinyaga Road. Picha nyingi hazikuonyesha nembo, lakini yeye alitazama grili, vitasa na mkunjo wa madigadi, akataja: Austin, Hillman, Vauxhall, Standard. Sisi watoto tuliridhika na jina. Yeye hakuridhika mpaka aseme gari ni la mwaka gani na amejuaje.

Somo la kwanza lilikuwa Morris Minor. Gari hilo, kazi ya mbunifu Alec Issigonis, lilianza kuuzwa mwaka 1948, taa zake za mbele zikiwa chini, kandokando ya grili. Kufikia 1951 taa zilikuwa zimepandishwa kwenye madigadi. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili hadi 1956, ilipotoka Morris 1000 yenye kioo kimoja kilichopinda.

Shangazi alikuwa na picha ya harusi iliyoandikwa nyuma “1954”. Kando ya bibi harusi ilisimama Minor yenye kioo kimoja. Mjomba aliishika, akasema, “Mwanangu, mwaka huo kioo hiki hakijazaliwa.” Shangazi alipoulizwa alikumbuka kwamba tarehe iliandikwa na mtu mwingine, miaka mingi baada ya sherehe. Tangu siku hiyo nikaanza kuyatazama magari ya pichani kama mashahidi.

Mashahidi wengine walikuwa wagumu. Mwaka 1952 Austin iliungana na kampuni za Nuffield, zilizokuwa zikimiliki Morris, ikazaliwa British Motor Corporation. Miaka michache baadaye bodi moja iliyochorwa na Pininfarina wa Italia iliuzwa kwa majina matano: Austin, Morris, Wolseley, MG na Riley. Wolseley ilijulikana kwa nembo yake ya grili iliyowaka usiku, lakini wageni wa harusi wakisimama mbele ya grili, huna pa kushika. Hapo nilijifunza kusema kile tu ninachokiona: bodi ni hiyo ya Pininfarina, kwa hiyo picha si ya kabla ya mwisho wa 1958. Mara nyingi familia haihitaji zaidi ya hapo.

Baadaye nilipata kwa wauza vitabu vya mitumba The Observer's Book of Automobiles, kitabu kidogo cha mfukoni kilichoanza kutolewa mwaka 1955. Kwa mara ya kwanza niliweza kulinganisha bila kumngoja mjomba. Lakini picha moja iliwashinda wote wawili, mjomba na kitabu. Baba mdogo aliileta kutoka masomoni Uingereza: yeye na koti zito, kando ya gari jeusi lenye boneti fupi na mgongo ulioteremka taratibu hadi bampa. Mjomba aliirudisha. Gari lile halikuwahi kupita mikononi mwake.

Jibu lilikuja na intaneti, wapenzi wa magari walipoanza kuweka humo vijitabu vya mauzo vya zamani. Nililinganisha mstari kwa mstari: Jowett Javelin, iliyoundwa Bradford kati ya 1947 na 1953. Injini yake ya silinda nne zilizolala, mbili kila upande, ilisogezwa mbele kabisa ili abiria wapate nafasi. Ndiyo maana boneti ilikuwa fupi kiasi kile. Umbo lililonishangaza miaka yote likapata sababu.

Siku hizi simu hutaja gari kwa sekunde chache, nami naitumia kwa furaha. Ila hunipa jina, nami nataka jina pamoja na ushahidi wake, maana ushahidi ndio unaowarudishia watu wa pichani mwaka wao. Kwa hiyo picha ninazoletewa na majirani naziandika nyuma kwa penseli, polepole nisiharibu karatasi: “Morris Minor, kioo cha mbele ni kimoja, si kabla ya 1956.” Atakayeishika baada yangu ataweza kukagua, na akijua zaidi, aongeze.