Jinsi nilivyopata nafasi kwenye mafunzo ya pikipiki

Leo tuweke pembeni viwavijeshi na mbolea, tuongee kuhusu pikipiki. Tangu serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022, wengi wetu tunazo. Mafunzo je?

Mimi nilijifunzia uwanja wa mpira, jioni mbili, nikielekezwa na kijana wa bodaboda. Nilipoweza kuondoka, kubadili gia na kusimama, nikajiona dereva. Msimu uliofuata nilimpakia mama mmoja, mkulima kiongozi, tukielekea shamba darasa. Kwenye mteremko wenye changarawe mbuzi akakatiza, nikabana breki ya mbele kwa nguvu zangu zote. Tairi likateleza, tukaanguka. Mimi nilichubuka kiwiko. Yeye alivunjika mtulinga, na ulikuwa wakati wa palizi. Majirani walimsaidia kupalilia nusu ya shamba, nusu nyingine ikamezwa na magugu. Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililonipeleka darasani.

Nilifika chuo cha ufundi Jumatatu asubuhi nikidhani nitaanza siku hiyo hiyo. Darasa limejaa, na jingine litafunguliwa wakipatikana watu wa kutosha. Ukiambiwa hivyo usirudi nyumbani kusubiri simu, watafute hao watu wewe mwenyewe. Niliwapata maafisa wenzangu wanne wa kata jirani, kisha nikaenda kijiweni kwa bodaboda. Hapo palikuwa na kazi! Siku bila abiria ni siku bila hesabu ya bosi. Tulikubaliana na mwenyekiti wao tusome mchana, biashara inapopoa, na mkufunzi akakubali kutufuata wilayani kwetu kwa kuwa tulikuwa kundi.

Kabla ya kulipa, uliza saa za vitendo ni ngapi, mtatumia pikipiki ya nani, na kama cheti chao kinakubalika ukienda kutahiniwa na trafiki. Tafuta leseni ya kujifunzia mapema, maana mwenzetu mmoja alikaa pembeni akitazama kwa kukosa hiyo tu. Angalia pia kadi ya pikipiki: ikizidi cc 125 unahitaji daraja A, siyo A1. Na uende na viatu vya kufunika miguu, siyo kandambili.

Nilichojifunza zaidi ni breki. Baada ya ile ajali nilikuwa nimeapa kutogusa tena breki ya mbele. Mkufunzi akacheka, akasema hiyo ndiyo inayosimamisha zaidi, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele. Kosa langu lilikuwa kuibana ghafla kwenye changarawe. Unatakiwa kupunguza mwendo kabla ya mteremko, kisha ubonyeze breki zote mbili taratibu huku pikipiki ikiwa imenyooka. Tulirudia zoezi hilo mpaka vidole vikauma. Tulifundishwa na kufunga mzigo: bomba la kupulizia au mfuko wa mbolea ukae chini na karibu na kiti, usining'inie nyuma.

Yule mama hupanda tena pikipiki yangu, ila anakuja na helmeti yake. Kundi letu linalofuata tutalipanga baada ya mavuno. Kama uko kata za jirani, anza kufuatilia leseni ya kujifunzia sasa.